Feromoni si marashi

Jana Kariakoo kijana muuza manukato kanipulizia mkononi bila kuniuliza. "Dada, hii ina feromoni ndani, hachomoki mtu." Ni mara ya tatu mwaka huu nalisikia hilo neno likiuzwa kwa chupa.

Feromoni ni kemikali anayoitoa kiumbe nje ya mwili wake, ikamfikia mwenzake wa spishi ileile na kumbadilisha mwenendo au hali ya mwili. Basi, ni hilo tu.

Neno lenyewe bado changa. Mwaka 1959 wanasayansi Peter Karlson na Martin Lüscher waliliunda kwa Kigiriki: kubeba, na kuchochea. Hicho kipande cha pili ndicho kimo pia kwenye "homoni", na ndicho kinachowapoteza watu. Homoni inazunguka ndani ya mwili wako mwenyewe. Feromoni inatoka kwa huyu, inafanya kazi kwa yule. Mwaka huohuo mwanakemia Adolf Butenandt na wenzake walitangaza muundo wa feromoni ambayo jike wa nondo wa hariri (mdudu, si chuma cha fundi ujenzi) humwitia dume, baada ya kukamua tezi za majike wapatao 500,000.

Lakini linaloniudhi zaidi ni dhana kwamba jike ananukia ili apendeze. Nondo hapulizi marashi, anataja neno la siri. Akilikosea, madume wanampita, anakufa bila kuzaa na kosa lake linakufa naye. Kwa hiyo ishara hizi huwa ngumu kubadilika. Ila hubadilika. Ulaya kuna nondo mharibifu wa mahindi mwenye makundi mawili: kemikali ni zilezile mbili, uwiano ndio umepinduliwa, huku 97 kwa 3, kule takriban 1 kwa 99. Kwa jike, tofauti hiyo inatokana na jeni moja kwenye tezi. Chaguo la dume linatawaliwa na jeni nyingine kabisa. Sasa pande mbili zinahamaje pamoja? Maelezo mojawapo ni madume wachache wasio wachaguzi, wanaoitikia hata neno lililokosewa. Jike wa ajabu akipata mmoja wao, ukoo mpya una pa kuanzia.

Kwa binadamu, hakuna feromoni hata moja iliyothibitishwa mpaka leo. Kwa hiyo, mdogo wangu, ulichonipulizia ni marashi. Yananukia vizuri, nami ningeyanunua kwa jina hilohilo.