Barua ya mpangaji aliyehama si yako

Wengi huamini kwamba barua ikishaingia nyumbani kwako ni yako, uifungue au uitupe upendavyo. Sivyo. Barua ni ya yule ambaye jina lake limeandikwa kwenye bahasha, na katika nchi nyingi kuifungua au kuiharibu kwa makusudi kunaweza kuwa kosa la jinai.

Iache ilivyofungwa. Andika kwa kalamu isiyofutika, "Amehama, rudisha kwa mtumaji", piga mstari mmoja juu ya anwani yako, kisha uipeleke posta. Anwani ya mtumaji iache isomeke. Kinachosahaulika ni msimbopau, ile mistari midogo inayochapwa na mashine, mara nyingi chini ya bahasha. Uzibe kabisa kwa wino mzito. Usipouziba, mashine ya kuchambua barua inaweza kuusoma tena na bahasha ikarudi mlangoni kwako. (Hapo tarishi hulaumiwa bure.)

Matangazo yaliyoandikwa "Kwa mkazi" ni yako, yatupe. Madai ya deni usiyanyamazie: deni la mpangaji humwandama yeye mwenyewe, haliandami nyumba aliyopanga, lakini mdai asiyerudishiwa barua huendelea kuamini mdaiwa wake bado yupo hapo, na anaweza kutuma watu.