Chai ya Maziwa Asubuhi ya Upasuaji

Mtoto amelala njaa, anasubiri upasuaji. Nyanya yake anaingia wodini hapa Kisumu na chupa ya chai ya maziwa, anamnywesha kidogo kwa huruma. Tunapouliza kama mtoto ametia kitu kinywani, jibu ni hapana. Sisi wa nusukaputi, yaani tunaotoa dawa ya usingizi, tunaliogopa sana jibu hilo.

Dawa ya usingizi hulegeza koo na kuzima kikohozi, yaani kinga inayozuia chakula kuingia njia ya hewa. Kilichomo tumboni kikipanda, huteremkia mapafuni pamoja na asidi, na mgonjwa anaweza kufa kwa ajili ya kikombe kimoja. Chai ya maziwa na uji tunavihesabu kuwa chakula: mwisho ni saa 6 kabla ya dawa, na saa 8 kwa mlo mzito kama ugali na samaki wa kukaanga. Maziwa ya mama, saa 4 kabla. Maji matupu au strungi, yaani chai isiyo na maziwa, huruhusiwa hadi saa 2 kabla, isipokuwa daktari aseme vingine. Kumnyima mtoto maji usiku kucha kunamwumiza bure.

Kama amekula, semeni. Upasuaji unaweza kuahirishwa. Ukiwa wa dharura, tutaingiza mpira wa kupumulia kwa haraka, mashine ya kunyonya ikiwa tayari. Lakini lazima tujue, na hakuna mzazi anayestahili kugombezwa kwa kusema kweli.

Jambo jingine linatugusa sana watu wa kanda ya ziwa: ugonjwa wa selimundu, au sikoseli. Chembe nyekundu za damu hujipinda mwili ukipungukiwa oksijeni au maji, na baridi ya thieta, chumba cha upasuaji, huzidisha hatari. Tukijua mapema tunamwekea dripu, tunamfunika vizuri, tunaandaa damu. Familia nyingine huficha kwa kuona haya. Nawasihi msifiche, na kama mtoto hajawahi kupimwa, ombeni apimwe.

Futeni pia rangi ya kucha. Kibanio cha kidoleni husoma oksijeni kwa mwanga, na mlio wake hushuka oksijeni inapopungua, hivyo tunasikia hatari hata tukiwa tumeangalia kwingine.

Mgonjwa ataulizwa jina na aina ya upasuaji tena na tena, kwa utaratibu uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008. Ajibu kila mara, na akisikia umetajwa mguu usio wenyewe, aseme papo hapo, kabla dawa haijaingia.