Je, wajua kwa nini mikoko ya Lamu hupimwa na wanafunzi wa vyuo vikuu?

Kenya ina takriban hekta 61,000 za mikoko, na zaidi ya nusu yake imo katika Kaunti ya Lamu, kuanzia hori za Pate na Manda hadi Kiunga karibu na mpaka wa Somalia. Shirika linalotaka kujua msitu huo unahimili ukataji kiasi gani, au matope yake yamehifadhi kaboni kiasi gani, huwa na fedha, mashua na wafanyakazi wake. Hata hivyo, mara nyingi anayeshika utepe wa kupimia ni kijana anayesomea shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi au katika chuo kingine. Wengi hudhani sababu ni kwamba mwanafunzi hagharimu sana. Hilo ni kweli, ila si sababu kubwa.

Sababu kubwa ni namna swali lenyewe lilivyo. Mshauri wa kukodiwa hupewa wiki chache, huandika ripoti yake na kwenda zake, ilhali swali la iwapo eneo lililokatwa limechipuka upya halijibiki bila ya mtu kurudi pale pale mara kwa mara. Mwanafunzi hana budi kukaa na swali moja hadi aikamilishe tasnifu, na nyuma yake yuko msimamizi anayemkagua, kisha watahini watakaomuuliza kila namba ameipataje. Ukaguzi wa namna hiyo shirika haliwezi kujifanyia lenyewe na likaaminika.

Kazi yenyewe haina njia ya mkato. Mti wa kawaida hupimwa unene wake kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini, lakini mkoko halisi, ule uliosimama juu ya mizizi yake iliyopinda, mara nyingi hauna shina la kupimika kwenye kimo hicho, kwa hiyo utepe huzungushwa sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa. Unene huingizwa katika mlinganyo unaokadiria uzito wa mti, na kutokana na uzito hupatikana kaboni. Sehemu kubwa ya kaboni ya msitu huu, hata hivyo, haimo ndani ya miti bali imo katika matope. Mrija wa chuma hudidimizwa hadi kina cha mita moja au zaidi, udongo ukatolewa na kukatwa vipande, ukakaushwa, kisha ukachomwa katika tanuri la maabara. Uzito unaopotea katika kuchomwa ndio unaoonyesha wingi wa mabaki ya majani na mizizi. Tanuri na mizani ya aina hiyo viko chuoni. Kazi ya uwandani nayo hufanywa maji yakiwa yamekupwa, saa chache tu kwa siku, na siku za bamvua maji hurudi kwa kasi isiyomsubiri mtu amalize kuandika.

Ushahidi kwamba ushirikiano huu huzaa matunda uko Gazi, Kwale. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, KMFRI, ilianza kupanda upya mikoko huko mwanzoni mwa miaka ya 1990, na katika miaka iliyofuata wanafunzi wa Kenya na wa Ulaya waliipima miti hiyo na msitu wa asili ulioizunguka. Mradi wa Mikoko Pamoja ulipoanza mwaka 2013, ukiuza kaboni ya hekta 117, yaani kulipwa na wanaotaka kufidia hewa ya ukaa wanayoitoa, na kuzielekeza fedha kwenye maji na shule za vijiji vya hapo, vipimo vya msingi vilikuwepo tayari. Mnunuzi wa kaboni hanunui maneno.

Lamu ina jambo la ziada ambalo chuo hakilifundishi. Wakata mikoko wa huku wana madaraja yao ya unene, kutoka fito hadi pau, mazio, boriti na nguzo, na madaraja hayo yamejenga mji: upana wa vyumba vya nyumba za mawe za Mji wa Kale umefuata urefu wa boriti zinazobeba dari. Mwanafunzi anayeorodhesha sentimita pekee, bila kuuliza ni daraja lipi linalotafutwa zaidi sokoni, atakuta msitu umejaa miti myembamba na asijue boriti zimekwenda wapi. Serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti mwaka 2018 na riziki ya wakataji ikasimama, ilidhihirika kwamba swali la kiasi gani kikatwe ni swali la chakula cha watu kabla ya kuwa la tasnifu. Kwa maoni yangu, mkataji anayemwongoza mwanafunzi katika matope astahili kulipwa kama mpimaji, na jina lake litajwe katika kazi hiyo akipenda.

Upungufu upo, na wenyeji wanaujua. Kalenda ya chuo haifuati kusi, hivyo mtafiti huweza kufika wakati bahari imechafuka na mashua hazitoki. Kila mwaka huja mwanafunzi mpya na hojaji yake, akawauliza wazee yale yale waliyoulizwa na aliyemtangulia, kisha matokeo yakaandikwa kwa Kiingereza na kuwekwa maktabani mbali na Lamu. Kibali cha utafiti kutoka NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, kinamtaka mtafiti awasilishe nakala ya ripoti yake kwa tume hiyo. Nakala ya Kiswahili inayosomwa barazani hutegemea zaidi makubaliano kati ya shirika, chuo na kijiji, yaliyoandikwa kabla ya mrija wa kwanza kuingia matopeni. Makubaliano hayo yafaa pia yaseme ni nani atakayetunza takwimu ghafi, ramani ya vipande vilivyopimwa na orodha ya namba zilizobandikwa kwenye miti, ili mwanafunzi wa miaka mitano baadaye aipime miti ile ile.