Kununua kampuni: dhana potofu kuhusu thamani yake

Dhana: Bei inayotangazwa ndiyo pesa anayopata muuzaji.

Ukweli: Mwaka 2010 Bharti Airtel, kampuni ya simu ya India, ilinunua biashara za Zain ya Kuwait katika nchi 15 za Afrika, zikiwemo Kenya, Tanzania, Uganda na Kongo. Magazeti yaliandika dola bilioni 10.7. Humo mlikuwa na deni la bilioni 1.7 ambalo mnunuzi alilibeba, kwa hiyo Zain ilistahili bilioni 9, na milioni 700 kati ya hizo zilisubiri mwaka mzima. Anayelinganisha bei za kampuni mbili bila kutenga madeni kwanza anajidanganya.

Dhana: Wateja wengi, thamani kubwa.

Ukweli: Biashara hizo zilikuwa na wateja wapatao milioni 42. Gawanya, utapata kama dola 255 kwa kila mteja, hesabu inayovutia lakini haina msingi, maana mteja huyo ana laini mbili au tatu mfukoni na hupiga kwa iliyo nafuu. Agosti 2010, miezi miwili tu baada ya mauzo kukamilika, mdhibiti wa mawasiliano wa Kenya alishusha ada ambayo mtandao mmoja huulipa mwingine kwa kupokea simu zake kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21 kwa dakika. Zain ya Kenya, ambayo sasa ilikuwa ya Airtel, ikashusha bei hadi shilingi 3, na mshindani wake Safaricom ikafuata. Wateja walikuwa walewale. Mapato kwa kila dakika yakaporomoka. Kinachopimwa ni fedha zitakazobaki miaka ijayo baada ya kulipia minara, leseni na kodi. Airtel Africa, tawi la Bharti Airtel barani, ilipouza hisa London mwaka 2019, hisa zake zote zilithaminiwa takriban paundi bilioni 3.1, bila kuhesabu madeni.

Dhana: Mizania, yaani orodha ya mali na madeni ya kampuni, inatosha.

Ukweli: Kwa benki inasaidia sana. Kwa kampuni ya programu, yenye kompyuta chache na vichwa vya watu, haisemi mengi.

Dhana: Fomula ikifuatwa vizuri, jibu ni moja.

Ukweli: Chukua kampuni itakayobakiza shilingi milioni 100 kila mwaka, bila kukoma. Mnunuzi akitaka faida ya asilimia 10 kwa mwaka, gawanya milioni 100 kwa 0.10: thamani yake ni bilioni 1. Akiona hatari zaidi na kutaka asilimia 12.5, ni milioni 800. Hakuna aliyekosea hesabu. Ndiyo maana mimi huuliza makadirio yametoka wapi kabla sijatazama jumla.

Dhana: Hesabu zilizokaguliwa zinamlinda mnunuzi.

Ukweli: HP, kampuni ya kompyuta ya Marekani, iliinunua Autonomy, kampuni ya programu ya Uingereza yenye hesabu zilizokaguliwa, mwaka 2011 kwa takriban dola bilioni 11, juu sana ya bei ya soko. Mwaka uliofuata ikafuta bilioni 8.8 kutoka thamani iliyokuwa imeiandika vitabuni. Mwaka 2022 Mahakama Kuu ya London ilikubali kuwa HP ilidanganywa, lakini jaji akaeleza kwamba fidia itakuwa ndogo sana kuliko dola bilioni 5 zilizodaiwa. Kwa maoni yangu, hata bila udanganyifu ule bei ilikuwa kubwa mno.