Maud Gonne hakuzaliwa Ireland

Ukiitazama picha ya Maud Gonne, mpigania uhuru wa Ireland, iliyochorwa na Sarah Purser, mchoraji wa Dublin, ni rahisi kuamini kile kinachorudiwa miaka nenda miaka rudi: kwamba huyu ni binti wa Ireland, damu na ardhi. Sivyo. Alizaliwa Desemba 1866 huko Tongham, kusini mwa Uingereza, na baba yake alikuwa ofisa wa jeshi la Uingereza. Ireland alifika akiwa mtoto mdogo, baba alipohamishiwa huko kikazi.

Dhana hiyo imetoka wapi? Nadhani jukwaani. Aprili 1902, Dublin, aliigiza Cathleen ni Houlihan katika tamthilia ya mshairi W. B. Yeats na mwandishi mwenzake Lady Gregory: bibi kizee ambaye ndiye Ireland yenyewe, anayewaita vijana wakaipiganie nchi. Baada ya hapo mwigizaji na nchi wakawa kitu kimoja machoni pa watu. Naye, kusema kweli, hakujisumbua sana kuwasahihisha.

Uzawa wake haupunguzi kazi yake. Aliwatetea wakulima wa Donegal waliofukuzwa mashambani, na mwaka 1900 akaanzisha Inghinidhe na hÉireann, yaani Mabinti wa Ireland.

Kuna na dhana ndogo, kwamba alikuwa tu mpenzi wa mshairi. Yeats alimposa mara kadhaa, akakataliwa kila mara. Mwaka 1903 Gonne aliolewa na John MacBride, mpigania uhuru wa Ireland.