Jarida linapolipia picha, limenunua nini?

Tuseme umepiga picha ya mashindano ya mashua Lamu: tanga limefura, mabaharia wawili wamekalia ubao uliotokeza nje ili chombo kisipinduke, maji yanawarukia usoni. Mhariri wa jarida la safari anakupigia simu. Ameipenda, ana shilingi 15,000, itume. Unaituma. Miezi minane baadaye unaikuta picha ile ile kwenye bango la hoteli, kubwa kama ukuta wa nyumba.

Huenda umeibiwa, huenda hukuibiwa. Inategemea mlikubaliana nini kuhusu matumizi, na katika simu kama ile matumizi ndiyo jambo ambalo hakuna anayelitaja.

Haki ya matumizi ni ruhusa anayoitoa mwenye picha ili mtu mwingine aitumie kwa namna iliyotajwa. Wengi huiita leseni. Haifanani na hakimiliki, ambayo ni umiliki wa picha yenyewe. Anayepangisha chumba hajauza nyumba, na mpangaji hana ruhusa ya kutoboa ukuta afungue duka. Jarida kwa kawaida ni mpangaji. Balaa ni kwamba ipo mikataba inayosomeka kama ya kupanga, kumbe ukifika ukurasa wa pili nyumba imeshauzwa.

Leseni hupimwa kwa mambo kadhaa, na kila moja lina bei yake. Picha itatoka mara ngapi: toleo moja tu, au kila watakapojisikia? Itakaa wapi: ukurasa wa ndani, au jalada, ambalo hulipiwa zaidi kwa sababu ndilo linalouza jarida? Ni kwa karatasi peke yake, au pia tovuti na kurasa zao za mitandao ya kijamii? Kwa nchi gani, kwa lugha gani, kwa muda gani? Halafu kuna lile la upekee. Jarida likitaka haki za pekee, maana yake hata wewe mwenyewe huwezi kumuuzia mwingine picha ile muda huo wote. Hapo unalipwa kwa kukaa kimya, na kukaa kimya kuna gharama.

Ombi la kawaida kabisa, na la haki, ni la chapisho la kwanza: jarida liwe la kwanza kuitoa picha, kisha lipewe kipindi cha kusubiri, tuseme siku 90, ndipo uwe huru kuiuza kwingine. Mhariri anapata upya wa picha, nawe unabaki na mali yako. Mawazo ya namna hii ndiyo yaliyowafanya wapiga picha Robert Capa, Henri Cartier-Bresson na wenzao waanzishe Magnum, shirika la wapiga picha wenyewe, mwaka 1947. Picha ibaki ya aliyeipiga, jarida lilipie matumizi, kisha picha hiyo hiyo iendelee kuuzwa kwa majarida ya nchi nyingine.

Intaneti iliparaganya hesabu hiyo. Nchini Marekani, waandishi wa kujitegemea waliwashtaki wachapishaji waliokuwa wameziingiza makala zao kwenye hifadhi za kompyuta bila kuwaomba, na mwaka 2001 Mahakama ya Juu, katika kesi ya gazeti la New York Times dhidi ya Tasini, mmoja wa waandishi hao, iliwapa waandishi ushindi kwa kura 7 dhidi ya 2. Wale walikuwa waandishi, lakini wapiga picha nao walielewa somo: ruhusa ya karatasi si ruhusa ya kila kitu. Wachapishaji walielewa pia. Ndiyo maana leo utakutana na kifungu kinachodai haki zote, katika vyombo vyote vilivyopo na vitakavyobuniwa, duniani kote, milele. Ukiweka sahihi hapo, lile bango la hoteli ni halali.

Kwa Kenya kuna jambo ambalo wapiga picha wengi hulijua wakiwa wamechelewa. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, kifungu cha 31, inasema kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa hakimiliki yake imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa pande mbili ziwe zimekubaliana vinginevyo. Yaani picha uliyoipiga kwa hiari yako kisha jarida likaipenda ni yako, lakini ile uliyotumwa na jarida ukaipige, kama hamkuandikiana kitu, sheria inaanza kwa kuwapa wao. Uingereza nayo ilikuwa na kanuni inayokaribiana na hiyo kwa picha zilizoagizwa kwa malipo, hadi sheria mpya ilipoanza kutumika tarehe 1 Agosti 1989 na kumrudishia mpiga picha. Kenya haijafika huko. Kwa hiyo ukiitwa kazini, andika kabla hujafungasha lenzi. Ujumbe mfupi wa barua pepe ambao mhariri ameujibu ni bora mara mia kuliko simu nzuri:

“Nakubali kazi hii. Hakimiliki inabaki kwangu. Jarida linapata haki ya kuchapisha picha mara moja katika toleo la Agosti na kuziweka kwenye tovuti yake kwa mwaka mmoja. Matumizi mengine tutaafikiana kwa malipo tofauti.”

Mistari minne, na haina ugomvi ndani yake. Kwa maoni yangu, wapiga picha hupoteza nguvu nyingi kupigania bei, wakati mhariri wa picha mara nyingi bajeti yake imepangwa na mtu mwingine na hana pa kuongeza. Haki anaweza kuzipunguza. Akisema 15,000 ndiyo mwisho, mwambie sawa, lakini kwa 15,000 ni ukurasa wa ndani, mara moja, bila upekee. Wengi watakubali, kwa kuwa kile kifungu cha milele kiliandikwa na mwanasheria na wao hawana haja nacho. Ulizia pia jina lako litaandikwa wapi, na utalipwa nini ikiwa kazi itaagizwa kisha isichapishwe.

Na kuna wale mabaharia wawili. Leseni uliyolipatia jarida inahusu haki yako wewe. Haigusi haki yao juu ya sura zao. Habari ya mashindano kwenye jarida ni jambo moja, tangazo la hoteli ni jambo jingine, na kwa tangazo unahitaji sahihi zao. Mwaka 2023 ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini Kenya ilikitoza kilabu kimoja cha Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Kwa hiyo hoteli ikikupigia kuiulizia picha yako, kabla hujataja bei, rudi kwanza Lamu na karatasi ya ridhaa uwatafute.