Vidole viwili vimeondolewa, cheti chako hakijafutwa: kuhusu huduma ya kwanza kwa watoto wachanga na wadogo

Tangu miongozo mipya ya huduma ya kwanza itoke Oktoba 2025 simu za ofisini kwetu, tunakofundisha kozi hizi na kutoa vyeti, hazitulii, na karibu wote wanauliza kitu kimoja, cheti changu cha huduma ya kwanza kwa watoto bado kinatambulika au ndo nimeshapoteza hela? Kinatambulika. Cheti kinaisha tarehe ile iliyoandikwa kwenye cheti chenyewe, na kwa kozi nyingi ni miaka 2 kuanzia siku ya mtihani wa vitendo, sio siku uliyojiandikisha wala siku uliyokuja kukichukua, hapa watu wanachanganya sana. Miongozo ikibadilika katikati hakuna anayekunyang'anya cheti. Ukija kuhuisha kabla ya tarehe kuisha unafanya kozi fupi ya marudio na mtihani wa vitendo, ukichelewa hata wiki moja kwetu sisi unaanza kozi nzima upya, na mkufunzi hana mamlaka ya kukuruhusu vinginevyo, kwa hiyo tunaomba msimbembeleze.

Hilo nimelimaliza. Sasa niseme kinachoniumiza, katika simu zote hizo ni watu wachache mno walioniuliza "sasa mkono nauweka wapi?" Wakati kilichobadilika ni mkono.

Zamani kwa mtoto chini ya mwaka 1 aliyezimia na hapumui tulifundisha kwamba ukiwa peke yako unakandamiza kifua kwa ncha za vidole viwili. American Heart Association, shirika la moyo la Marekani lililotoa hiyo miongozo mipya, wameiondoa hiyo kabisa. Sasa hivi unatumia sehemu ya chini ya kiganja cha mkono mmoja, ile nene karibu na kifundo cha mkono, au unazungusha mikono yote miwili kwenye kifua cha mtoto na kukandamiza kwa vidole gumba viwili. Sababu ni kwamba vidole viwili vinachoka mapema na havifikii kina kinachotakiwa, na kina kinachotakiwa ni theluthi moja ya unene wa kifua, kama sentimita 4 kwa mtoto mchanga, yaani wa chini ya mwaka 1, na sentimita 5 kwa mtoto mkubwa zaidi, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, na kila ukikandamiza unaachia kifua kirudi chote juu kabla hujakandamiza tena.

Kuna baba mmoja alikuja darasani hivi karibuni, mtoto wake ana miezi 5. Alikuwa ameangalia video nyingi kwenye simu, na kusema kweli hatua zote anazijua kwa mdomo, nyingine alizitaja kabla yangu. Nikamwambia piga magoti, huyu hapa mdoli. Akaweka kiganja pale kwenye mfupa wa kidari, akakandamiza labda sentimita moja hivi. Mdoli wetu ukifika kina unalia "tik", na haukulia. Nikamwambia ongeza, akaongeza kidogo, kimya. Akaniangalia akasema "naogopa nitamvunja." Nikamwambia mtoto ambaye hasikii na hapumui hakuna unachoweza kumharibia kuliko hicho kilichompata tayari. Akavuta pumzi, akakandamiza, tik. Tik, tik, tik, mpaka jasho likaanza kumdondokea mdoli usoni, na ilipofika dakika ya pili mkono ukawa unatetemeka na milio ikaanza kuruka. Hapo ndipo alipoelewa kwa nini tunasema mkiwa wawili mbadilishane kila baada ya dakika 2. Video ilikuwa imemwambia hivyo hivyo, neno kwa neno, lakini mkono wake ulikuwa haujawahi kuambiwa.

Kwa hiyo ndugu mzazi, video angalia, hatukatazi, ila usiseme umejifunza. Na hata aliyejifunza kwa mdoli ndani ya miezi michache tu anaanza kusahau, hili tunaliona kila watu wanaporudi kwa marudio, mtu alikuwa mzuri sana leo anatafuta pa kuweka mkono. Ndo maana tunaomba katikati ya hiyo miaka 2 ujikumbushe nyumbani, mto mdogo unatosha kukumbusha mikono mpangilio, ingawa kina hautakufundisha. Usifanyie mazoezi ya kukandamiza kwa mtoto mzima mwenye afya, hata polepole, hata kwa utani!

Kupaliwa sasa, maana hapa ndipo makosa ni mengi. Swali la kwanza sio "nimpige wapi", swali la kwanza ni je, anakohoa kwa sauti, analia? Kama ndiyo, muache akohoe. Mkalishe ainame kidogo mbele, mtie moyo, kaa naye, usimguse koo. Kikohozi chake kina nguvu kuliko chochote utakachofanya wewe. Watu wanampiga mgongoni mtoto anayekohoa vizuri tu kwa sababu hawavumilii kukaa bila kufanya kitu, na naelewa, ni mtoto wako, lakini subiri huku unamwangalia.

Kikohozi kikikosa sauti, kilio hakitoki, midomo inabadilika rangi, hapo sasa usisubiri, na mtu mwingine apige simu ya dharura wakati huo huo. Chini ya mwaka 1 unamlaza kifudifudi juu ya mkono wako, mkono umeegemea paja, kichwa kiko chini kuliko kifua, umeshika taya, sio koo. Unampiga mara 5 katikati ya mabega kwa sehemu ile ile ya chini ya kiganja, vipigo vya kweli, sio vya kubembeleza usingizi. Kitu hakijatoka, unamgeuza chali ukiwa umeshika kichwa, unamsukuma kifuani mara 5 pale pale pa kukandamizia. Unarudia 5 na 5 mpaka kitoke au mtoto azimie. Aliyezidi mwaka 1 unaanza vile vile na mgongo mara 5, alafu unapiga magoti nyuma yake, ngumi juu kidogo ya kitovu na chini ya mfupa wa kidari, mkono wa pili juu ya ngumi, unavuta ndani na juu mara 5. Hii ya tumbo, aliyoitangaza daktari Henry Heimlich mwaka 1974, HAIFANYWI kwa mtoto chini ya mwaka 1, ini lake ni kubwa na halina ulinzi wa kutosha wa mbavu, unaweza kulipasua. Na mtoto yeyote aliyefanyiwa ya tumbo anapelekwa hospitali akaangaliwe, hata kama kitu kimetoka na anacheka.

Akizimia mlaze chini pagumu uanze CPR, yaani kukandamiza kifua na kumpulizia pumzi, na kila kabla ya kumpulizia unaangalia mdomoni. Unaangalia, sijasema unatia kidole. Kitu ukikiona na unaweza kukishika, kitoe. Hukioni, usipapase. Mama mmoja alinisimulia huku mikono yake ikirudia kile kitendo, ushanga alikuwa anauona ukingo wake kabisa, akatia kidole auvute, na kidole ndicho kilichousukuma ndani. Mtoto alipona kwa vile jirani alijua vipigo vya mgongo. Yule mama alikaa mstari wa mbele siku zote za kozi.

Na hizi ngoja niziseme zote pamoja maana tumezisema miaka na miaka: kumning'iniza mtoto miguu juu kichwa chini, hapana. Kumpa maji asukumie, hapana. Kumkung'uta mabega ili apumue, hapana, ubongo wa mchanga hauvumilii kutikiswa.

Jambo lingine ambalo watu wazima wanalileta kutoka kwenye mafunzo ya watu wazima ni kwamba kukandamiza kifua peke yake kunatosha, pumzi si lazima. Mtu mzima mara nyingi moyo ndio unaotangulia kusimama, damu yake bado ina oksijeni ya kuanzia. Mtoto mara nyingi ni pumzi iliyotangulia kukatika, kwa kupaliwa, kuzama maji, nimonia, moyo unafuata baadaye ukiwa umeshaishiwa. Kumkandamiza bila kumpulizia ni kuzungusha damu isiyo na kitu. Ukiwa peke yako ni 30 kwa 2, unakandamiza mara 30 unapulizia mara 2. Wenzetu wa European Resuscitation Council, baraza la Ulaya linalotoa miongozo kama hii, wanaanza na pumzi 5, Wamarekani wanaanza na kifua, zote ni sahihi, fuata uliyofundishwa, usisimame kubishana juu ya mtoto. Mchanga mdomo wako unafunika mdomo na pua yake kwa pamoja, kichwa kimelala sawa uso ukitazama juu, usikivutie nyuma kama cha mtu mzima maana njia ya hewa inajikunja. Pumzi ni ile ya mashavuni tu, kifua kikipanda kidogo acha. Ukijaza mapafu yako yote na kumpulizia, hewa inaingia tumboni anatapika.

Simu weka spika, iache sakafuni, endelea na mikono. Kama huna simu na uko peke yako, fanya dakika 1 mpaka 2 kwanza ndo ukatafute msaada, na mchanga unambeba, usimwache.

Kuungua ni maji ya bomba yanayotiririka, ya baridi ya kawaida, dakika 20 kwa kuangalia saa, huku sehemu nyingine ya mwili umeifunika asipoe sana. Vua nguo isipokuwa iliyoganda kwenye ngozi. Barafu hapana. Dawa ya meno, siagi, yai, mafuta, hapana, daktari atalazimika kuvikwangua ili aone kidonda na mtoto atalia mara mbili. Degedege la homa, ambalo hutokea zaidi kati ya miezi 6 na miaka 5, unamlaza ubavu, unaondoa vya kumgonga, unaangalia saa. Kijiko mdomoni HAPANA, ulimi haumezwi. Ikipita dakika 5 ni dharura, na hata likiisha lenyewe, la kwanza maishani anapelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Aliyekunywa mafuta ya taa usimtapishe, yakipanda yanaingia kwenye mapafu, mchukue na chupa aliyonywea. Betri ile ya duara bapa ikimezwa ni hospitali muda huo, inaweza kuunguza koo la chakula ndani ya saa 2.

Wengi wanauliza je nikimgusa mtoto wa mwenzangu akafa nitashtakiwa? Taasisi yetu haitoi ushauri wa kisheria na sheria zinatofautiana, tafadhali uliza wanasheria wa nchi yako. Kwa jumla nchi nyingi zinamlinda aliyesaidia kwa nia njema ndani ya kile alichofundishwa, na zipo zinazomwadhibu aliyepita bila kusaidia, Ufaransa kifungu cha 223-6 cha sheria ya jinai kinafika miaka 5 jela na faini ya euro 75,000, na kama aliyeachwa ni mtoto chini ya miaka 15 ni miaka 7 na euro 100,000, Ujerumani ni mpaka mwaka 1 au faini. Mzazi akiwepo muombe ruhusa. Asipokuwepo na mtoto hapumui, anza.

Vyeti vya kughushi: kila cheti chetu kina namba, mwajiri akitupigia tunaihakiki. Namba isiyo yetu inaandikiwa barua, nakala kwa mwajiri na nakala polisi, na hatusikilizi habari ya kwamba ni rafiki aliyenitengenezea. Anayelea watoto wa watu kwa cheti ambacho mikono yake haikukifanyia kazi anawadanganya wazazi waliomwamini, na hapo mimi siwezi kuwa mpole.

Kwa wanaokuja kozi zijazo, njoo na nguo za kupigia magoti, kata kucha, mtoto mwachie mtu. Na huyo mtu unayemwachia mtoto kila siku, awe bibi au dada wa kazi, muandikishe na yeye. Asiyejua kusoma anakaribishwa kabisa, mtihani wake ni wa mdomo na wa mdoli, na mwaka huu aliyepata milio mingi kuliko wote ni bibi mmoja aliyesaini kwa dole gumba.